Kituo cha likizo Peak District: karavani ya kukodi, ya kuvuta, au gari-nyumba?

Shule zikikaribia kufungwa, swali hili hurudi katika magrupu yetu ya WhatsApp huku Uingereza. Familia inataka wiki moja mashambani, mahali patulivu pa kulala usiku na kutokea mchana kwenda kuona nchi. Hoteli kwa watu sita ni mzigo. Hema, mama mkwe ameshakataa. Zinabaki njia tatu za kukaa kwenye kambi za karavani, na hapo ndipo watu hukwama, kwa sababu kwa mbali zote zinafanana: jiko dogo, vitanda vya kukunjua, majani mabichi dirishani.

Nimechukua Peak District kuwa mfano kwa sababu iko karibu na wengi wetu. Imezungukwa na Manchester, Sheffield, Derby na Stoke. Kutoka Birmingham au Leicester ni chini ya saa mbili barabara zikiwa nyeupe, na kutoka London ni maili 150 hivi. Ni hifadhi ya taifa ya kwanza ya Uingereza, ya tangu Aprili 1951, lakini usitegemee kitu kama Tsavo au Mikumi. Hakuna geti wala kiingilio, na watu wanaishi humo: vijiji vya mawe, kondoo, masoko ya kila wiki. Kambi nyingi ni ndogo, zimejificha pembeni ya vijiji au ndani ya mashamba ya wafugaji.

Tunapima nini

Gharama, kwanza. Hapa nahesabu zaidi ya bei ya usiku mmoja: kuna kununua au kukodi, bima, matengenezo, na mahali pa kuegesha chombo miezi ambayo hukitumii.

Pili ni barabara: leseni gani, gari gani, na uko tayari kupita vichochoro vyenye kuta za mawe pande zote mbili?

Tatu ni jiko, maji na choo. Wageni wa mambo haya hudharau kigezo hiki mpaka siku ya pili.

Nne ni mchana, nacho nakipa uzito kuliko vyote. Ukishaweka kituo, asubuhi unaamka na gari lililo huru, au gari lako ndilo nyumba yenyewe? Mtu anayetaka kutoka kila siku na kurudi jioni ana mahitaji tofauti kabisa na anayetaka kulala pengine kila usiku wa pili.

Utulivu sikuuweka kwenye orodha kwa sababu unategemea kambi zaidi ya chombo. Nitaurudia baadaye.

Karavani ya kukodi

Hii ni ile kubwa ndefu kama kontena, yenye vyumba viwili au vitatu, sebule, bafu na jiko kamili. Imewekwa mahali pake na haihami. Unafika na mabegi, unapewa ufunguo.

*Gharama.* Huna cha kununua wala cha kutunza. Kwa kawaida hukodishwa kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu, Jumatatu hadi Ijumaa, au wiki nzima. Bei hufuata kalenda ya shule bila huruma, na Agosti huwa ndiyo kilele. Kumtoa mtoto shuleni ili ukwepe bei hiyo hakulipi tena: katika England, tangu Agosti 2024, faini ni pauni 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto, na inafika 160 ukipitisha siku 21 bila kulipa. Siku tano za kukosa shule bila ruhusa zinatosha kukufikisha huko. Wazazi wawili na watoto watatu, piga hesabu mwenyewe. Afadhali Mei au mwisho wa Oktoba, kwenye mapumziko ya katikati ya muhula. Kabla ya kulipa uliza kama mashuka, taulo, gesi na umeme vimo ndani ya bei, maana mara nyingi mashuka yamo na taulo hazimo.

*Barabara.* Hakuna la kusema. Hata asiye na gari anaweza: treni ya Bonde la Hope, kati ya Manchester na Sheffield, husimama Edale, Hope, Bamford, Hathersage na Grindleford.

*Jiko, maji na choo.* Hapa inazishinda nyingine mbili waziwazi. Maji ya bomba hayahesabiwi, choo ni cha kuvuta kama cha nyumbani, kuna oveni na jiko la moto wa kutosha kusonga ugali wa watu sita. Kwa familia inayotawadha mara tano kwa siku na isiyojua choo bila maji, tofauti hii ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye picha za matangazo.

*Mchana.* Gari liko huru, lakini kituo hakihami, kwa hiyo chagua upande kwa makini. Ukikaa Bonde la Hope, una mapango ya Castleton, ngazi za mawe za kupanda Mam Tor (mita 517), na Edale, kijiji ambako njia ya miguu ya Pennine Way huanzia. Ukikaa karibu na Bakewell, una soko la Jumatatu, jumba la Chatsworth ambalo ukoo wa Cavendish umelishika tangu 1549, na njia tambarare ya Monsal. Ukikaa kusini karibu na Ashbourne, una Dovedale na mawe yake ya kuvukia mto. Pande zote hizi unaweza kuzifikia kutoka popote, ila kukaa upande usiokuhusu ni kupoteza saa nzima kila siku nyuma ya trekta.

*Tatizo lake.* Ndani ya hifadhi vibali vya ujenzi ni vikali, kwa hiyo karavani za namna hii ni chache na hujaa mapema. Nyingi ziko nje kidogo ya mpaka. Na kambi zenye karavani za kukodi kwa wingi, hasa zile za pwani, huwa na klabu, bwawa na muziki wa usiku. Kama ulichofuata ni ukimya, uliza wazi.

Karavani ya kuvuta

Hapa unakuja na nyumba yako nyuma ya gari, unaiegesha kwenye kiwanja ulichokodi, unafungua, na gari linabaki huru kwa wiki nzima.

*Gharama.* Kununua ndiko kunakouma, ingawa iliyotumika hupatikana kwa bei ya gari la mtumba. Baada ya hapo ni nafuu kuliko watu wanavyodhani. Karavani haihitaji ukaguzi wa kila mwaka wa MOT wala kodi ya barabara, na sheria hailazimishi bima yake yenyewe, ingawa mimi nisingeiacha bila bima. Kiwanja kwa usiku ni bei ndogo ukilinganisha na karavani ya kukodi. Kinachosahaulika ni maegesho. Ukiishi ghorofani London au kwenye nyumba ambayo mkataba unakataza karavani uani, utalipia hifadhi ya mwaka mzima kwenye shamba la mtu ili utumie chombo kwa wiki chache.

Ukinunua iliyotumika, sukuma kuta za ndani kwa kidole kwenye pembe na chini ya madirisha. Zikibonyea, maji yameshaingia na ukarabati wake ni ghali. Soma pia tairi. Tarakimu nne za mwisho kwenye ubavu wake zinataja wiki na mwaka lilipotengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la karavani huzeeka likiwa limesimama, hivyo meno yake yanaweza kuonekana mapya nalo limekwisha.

*Barabara.* Hapa pana mengi. Tangu tarehe 16 Desemba 2021, mwenye leseni ya kawaida ya gari dogo ya Uingereza anaruhusiwa kuvuta tela la hadi kilo 3,500 bila mtihani mwingine. Kabla ya hapo, waliofaulu kuanzia 1997 walibanwa. Ruhusa na uwezo ni vitu viwili, lakini. Ushauri unaotolewa kwa wanaoanza ni karavani iliyojazwa isizidi asilimia 85 ya uzito wa gari linaloivuta, na kwa kigezo hicho magari mengi madogo ya familia hayafai. Vitu vizito viwekwe chini, juu ya ekseli. Ukivirundika nyuma, tela litaanza kucheza kwenye mteremko, na kulituliza ni kazi ya mtu mwenye roho ngumu.

Mwendo nao unapungua: maili 50 kwa saa kwenye barabara ya kawaida isiyogawanywa katikati, 60 kwenye zilizogawanywa na zile kuu za mwendo kasi zenye herufi M. Barabara ya M yenye njia tatu au zaidi, ile ya kulia kabisa si yako. Karavani ikiwa pana kuliko gari, vioo virefu vya pembeni ni lazima, na bamba la namba la nyuma lilingane na la gari.

Tuliojifunza gari Kenya, Uganda au Tanzania tumezoea kushika kushoto, na hiyo ni nusu ya kazi. Aliyejifunzia Bujumbura, Kigali au Bukavu ajipe muda kwanza bila tela. Na leseni ya nyumbani hukutosha kwa miezi 12 tu tangu uwe mkazi. Baada ya hapo ni leseni ya muda na mtihani kama kila mtu.

Peak District ina mtego wake maalumu. Barabara kuu ya zamani iliyotoka Castleton kwenda magharibi, chini ya Mam Tor, ilifungwa moja kwa moja mwaka 1979 kwa sababu mlima haukuacha kuporomoka. Iliyobaki upande huo ni Winnats, korongo jembamba lenye mwinuko unaozidi asilimia 20. Ramani ya simu haijali kwamba una tela. Itakupitisha humo kwa furaha. Ingia Castleton kutoka upande wa Hathersage na Hope, na siku zote fuata maelekezo yaliyoandikwa na kambi yenyewe.

*Jiko, maji na choo.* Maji unayavuta kwa pipa la kuviringisha, kwa kawaida lita 40. Watu wawili wanaotumia mabafu ya kambi watamaliza siku nalo. Familia ya watano itakuwa njiani kwenda bombani asubuhi na jioni, na watoto wakubwa wapewe zamu. Choo ni cha kaseti, yaani tangi dogo la uchafu chini yake; unaichomoa kwa nje na kuimwaga sehemu maalumu. Kazi hiyo mgawane kabla ya kuondoka nyumbani.

Umeme wa kambi una kipimo. Kiwanja cha ampea 16 kinakupa takriban wati 3,680, cha 10 wati 2,300, na cha 6 kama 1,380. Birika la nyumbani la kilowati 3 linakata umeme wa viwanja viwili vya mwisho likiwa peke yake. Nunua birika dogo, pikia gesi. Na kwenye gesi, chukua mtungi mwekundu wa propeni kama unakwenda nje ya majira ya joto. Ule wa bluu wa byuteni hugoma baridi ikikaribia sifuri. Jiko lenyewe ni dogo. Sufuria ya pilau ya watu kumi haikai, na mvuke wa wali utatiririka kuta nzima usipofungua dirisha la paa.

*Mchana.* Hii ndiyo nguvu yake. Unafungua kifungo cha tela siku ya kwanza, kisha wiki nzima una gari la kawaida la kuegesha popote, huku vitanda vimetandikwa na sufuria iko pale pale. Ukitaka upande mwingine wa hifadhi wiki ijayo, unahama.

Tena kuna kambi ambazo wengine hawazipati. Vilabu viwili vikubwa, Caravan and Motorhome Club (1907) na Camping and Caravanning Club (1901), vina mtandao wa kambi ndogo zinazopokea vyombo vitano tu kwa wakati mmoja, kwa wanachama peke yao. Mara nyingi ni pembe ya shamba, bomba moja, pa kumwagia kaseti, na kondoo. Mabafu huenda yasiwepo. Ukimya wa namna hiyo hauuzwi kwingine, na kwa maoni yangu unatosha kulipa ada ya uanachama. Gari-nyumba nalo hupokelewa, usisahau.

Gari-nyumba

Injini, kitanda na jiko katika chombo kimoja.

*Gharama.* Kukodi kwa siku ni ghali kuliko zile mbili, hasa Julai na Agosti, na kununua ni ghali zaidi. Lina kodi ya barabara, ukaguzi wa MOT na bima kamili kama gari lolote. Mkazi wa London akinunua la dizeli la zamani lisilotimiza viwango vya moshi, atalipa pauni 12.50 kila siku analolitoa barabarani, kwa kuwa tangu Agosti 2023 eneo hilo la tozo limefunika manispaa zote za jiji.

*Barabara.* Leseni ya gari dogo inatosha kwa lisilozidi kilo 3,500. Waliofaulu kabla ya 1997 kwa kawaida wanafika kilo 7,500. Makampuni mengi ya kukodisha hutaka dereva awe na miaka 25 na uzoefu wa miaka kadhaa. Hakuna tela la kurudisha nyuma, na hilo pekee huwavuta wengi. Hesabu mikanda, lakini. Gari linaweza kuwa na vitanda sita na viti vinne tu vyenye mkanda, na wauzaji hutangaza vitanda.

*Jiko, maji na choo.* Karibu sawa na karavani ya kuvuta, ila tangi la maji huwa limejengwa ndani na kujaza ni kwa mpira. Nafasi ya kupikia ni finyu zaidi.

*Mchana.* Hapa ndipo linapochoka kama kituo. Ukitaka kwenda Chatsworth, unachomoa umeme, unafunga makabati, unakunja vitanda, unaiondoa nyumba nzima. Ukifika, maegesho mengi yana chuma cha kuzuia urefu wa mita mbili hivi. Castleton siku ya mapumziko hata gari dogo hulia. Wenye ujuzi huliacha kambini na kutumia basi au baiskeli. Kutoka Bakewell njia ya Monsal ni maili nane na nusu juu ya reli ya zamani, na mahandaki yake yamefunguliwa kwa wapitaji tangu 2011. Kwa wawili wenye afya hiyo ni likizo tamu. Kwa bibi na mtoto wa miaka miwili, sivyo.

Lakini kama mpango ni usiku mbili Peak, mbili Yorkshire Dales, tatu Lake District, mambo yanageuka na hakuna kinachokaribia gari-nyumba. Mradi ulale kambini: kuegesha na kulala kandokando ya barabara au kwenye maegesho ya hifadhi bila ruhusa ya mwenye ardhi hakuruhusiwi England.

Kabla ya kulipia kambi yoyote

Soma kama ni ya watu wazima pekee. Zipo nyingi, hasa zile zinazojisifu kwa utulivu, na hazitapokea watoto hata walale saa kumi na mbili jioni. Nyingine hazitaki kundi la familia nne zinazofuatana. Piga simu useme ukweli mapema. Baada ya saa nne au tano usiku sauti hushuka kabisa, na kupiga simu nyumbani kwa spika nje ya mlango kutakuletea msimamizi.

Nyama choma inaruhusiwa kambi nyingi mradi jiko lisiguse majani. Huko juu kwenye nyika, moto wowote ni marufuku, kwa sababu mboji ya chini hushika moto na kuendelea kuungua siku nyingi. Na jiko la mkaa lisiingizwe ndani ya karavani wala ndani ya hema lake la ubavuni, hata likionekana limezimika. Hewa ya sumu ya kaboni monoksidi haina harufu na inaua waliolala.

Agosti usiku joto huweza kushuka chini ya nyuzi 10, kwa hiyo uliza kuhusu hita. Mabondeni mtandao wa simu ni dhaifu. Pakua ramani ukiwa bado nyumbani.

Kwa hali yako

Mama au baba amekuja kutoka nyumbani, ana magoti, anaona baridi: kodi karavani, chumba chake kiwe karibu na bafu, na kaa upande wa Bakewell ambako si kila kitu ni mlima. Huna gari kabisa? Kodi karibu na kituo cha treni cha Bonde la Hope, na uulize umbali wa kutembea kwa miguu kabla ya kulipa.

Familia yenye watoto, gari zito kidogo, mahali pa kuegesha nyumbani, na hamu ya kutoka kila mwisho wa juma wa pili kuanzia Aprili hadi Oktoba: ya kuvuta itawafaa kuliko zote. Ila kama hesabu yako ya kweli ni wiki moja kwa mwaka, usinunue chochote.

Wawili wasio na watoto, au wanaotaka kuona nchi nzima kwa mkupuo: gari-nyumba, la kukodi kwanza. Chukueni baiskeli.

Anayejiuliza kati ya kuvuta na kukodi, na hajawahi kulala kwenye karavani hata siku moja, akodi kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu mwezi Mei. Mvua ikinyesha siku zote tatu na bado watu wanaongea vizuri mezani, aanze kuangalia karavani za mtumba mwezi Oktoba, msimu ukiisha na wauzaji hawataki kulipia hifadhi ya miezi ya baridi.